Mwanafunzi wa fasihi, achana na muhtasari, fungua kitabu chenyewe

Kama uko mwaka wa kwanza au wa pili na umechukua fasihi ya Kiingereza, haya naandika nikikuangalia wewe machoni. Mpango wako naujua. Mhadhiri ametoa orodha: Shakespeare, Austen, Keats, Shelley, Dickens. Umeangalia unene wa Great Expectations, ukaangalia salio lako la bando, ukaona njia ni mbili tu. Ni mwongozo wa mtu aliyesoma kwa niaba yako, ama ni ile programu ya akili unde ambayo ukiiambia "nipe wahusika na maudhui" inakumwagia kila kitu kabla hujapepesa macho. Unaingia kwa mtihani, unaandika kwamba mwandishi amefaulu kuonyesha unafiki wa jamii, unapata B, maisha yanasonga.

Hiyo B sina shida nayo. Shida yangu ni kwamba unalipa karo ya kusoma vitabu na vitabu husomi. Ni kama kushuka Kikopey, ulipie kilo mbili za mbuzi, halafu urudi kwa gari umekula kachumbari pekee.

Mimi kozi kama hiyo yako niliiacha katikati ya mwaka wa pili. Karo ilikataa, hakuna hadithi ndefu hapo. Siku hizi nauza viatu mtandaoni, naandika blogu, na jioni bado nawasoma wale wazee. Hakuna anayenipa alama, hakuna tarehe ya kuwasilisha insha, na labda ndiyo maana naviona vitabu hivi kwa jicho tofauti na lako.

Tuanze kwa kuondoa ile picha kwamba hawa walikuwa mabwanyenye wa wigi na chai ya saa kumi, waliokaa chini kuandika ili wamtese msee wa Nairobi miaka mia mbili baadaye. Chukua John Keats. Amezaliwa London mwaka wa 1795. Babake alisimamia zizi la farasi wa kukodisha, na ukitaka kulitafsiri hilo kwa maisha yetu, fikiria mtu anayesimamia stegi ya bodaboda. Baba akaanguka kutoka kwa farasi akafa, Keats akiwa na miaka minane. Mama akafuata mwaka wa 1810, kifua kikuu. Kijana akapelekwa kwa daktari wa upasuaji ajifunze kazi, akaendelea hadi hospitali ya Guy's, na mwaka wa 1816 akapata leseni ya kutoa dawa. Kazi ya uhakika hiyo. Kazi ambayo shangazi zako wangeitangaza kwa kikundi cha WhatsApp cha familia. Akaiacha ili aandike mashairi.

Mwaka wa 1818 jarida moja kubwa la Edinburgh, Blackwood's, likamcheka hadharani. Likamtia kwenye kapu la washairi wa mitaani wa London wasiojua nafasi yao, likamshauri arudi dukani kwa chupa zake za dawa. Desemba ya mwaka huo huo mdogo wake Tom akafa kwa kifua kikuu, baada ya Keats mwenyewe kumuuguza kwa miezi. Miezi michache baadaye, msimu wa kuchipua wa 1819, ndipo akaandika Ode to a Nightingale, mishororo 80 kuhusu ndege anayeimba usiku.

Sasa mwongozo wako utakuambia maudhui ya shairi hilo ni uzuri wa maumbile. Wacha masihara. Huyo ni kijana wa miaka 23 ambaye ametoka tu kumtazama ndugu yake akikonda hadi mwisho. Anasikia ndege akiimba kama kiumbe ambacho hakijawahi kupewa habari mbaya, na anatamani kuondoka nacho. Anafikiria pombe imtoe hapo alipo. Anaiweka kando, anasema ushairi ndio utambeba. Unambeba kidogo, kisha sauti ya ndege inafifia ng'ambo ya mabonde na yeye anabaki palepale, hana hakika kama alikuwa macho ama usingizini. Keats alifariki Roma, Februari 1821, akiwa na miaka 25, kifua kikuu kilekile. Kila mtaa una kijana kama huyo, amejiziba masikio na muziki saa nane usiku kwa sababu akiutoa atasikia fikra zake. Programu haiwezi kukupa hilo kwa vidokezo vitano. Inaweza kukwambia kwamba lipo, lakini kuambiwa wimbo upo si kuusikia.

Najua wengi wenu ushairi mliuchukia tangu sekondari. Lakini kumbuka kile Kiswahili cha karatasi ya tatu kilikufanyia. Kilikulazimisha kujua mizani, vina, ukwapi, utao na kibwagizo. Ulihesabu silabi kwa vidole kama mtu anayehesabu chenji ya makanga. Halafu siku ya matokeo ukaitupa elimu yote hiyo, ukidhani ni mali ya Kiswahili pekee.

Soneti ya Shakespeare ni nini basi? Ni mishororo 14, kila mmoja una mizani kumi. Vina vinapishana katika mafungu matatu ya mishororo minne minne, kisha mishororo miwili ya mwisho inafunga mlango kwa kina kimoja. Alitunga 154 za aina hiyo, zikachapishwa pamoja mwaka wa 1609. Mtu aliyelelewa na tarbia ya mizani 16 kwa mshororo anatishwaje na kitu kama hicho? Tofauti ipo, na ni vizuri uijue mapema. Katika Kiswahili mkazo umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, umetulia hapo kama mlinzi wa benki, kwa hivyo sisi tunahesabu silabi na kazi imeisha. Katika Kiingereza mkazo unarukaruka, kwa hivyo wao wanahesabu pia mapigo: hafifu kisha nzito, hafifu kisha nzito, mara tano. Macho hayalioni pigo hilo. Lazima mdomo ufunguke. Mimi husoma kwa sauti jikoni nikingoja sufuria ichemke, na jirani wangu alishazoea.

Kingine, tafuta kona. Soneti nyingi zina mahali ambapo mshairi aliyekuwa akienda huku anageuza ghafla, kama dereva wa matatu aliyeona msongamano mbele na akaamua kuchukua njia ya panya. Mara nyingi ni mshororo wa tisa, na kwa Shakespeare wakati mwingine anangoja hadi wa 13. Ukiipata hiyo kona, umelipata shairi. Maudhui yatajileta yenyewe.

Nikupe mfano mmoja unaoanzia London na kuishia kwetu. Januari 1818 gazeti la The Examiner lilichapisha soneti ya Percy Shelley iitwayo Ozymandias. Alikuwa ameitunga kwa mashindano ya kirafiki na mwenzake Horace Smith, kila mmoja aandike soneti juu ya mada ileile. (Shelley naye hakumaliza chuo. Oxford ilimfukuza mwaka wa 1811 kwa sababu ya kijitabu cha kutetea ukanaji Mungu. Mimi angalau nilitoka kwa miguu yangu.) Ozymandias ni jina ambalo Wagiriki walimwita Farao Ramesses wa Pili. Ndani ya shairi, msafiri anasimulia alivyokuta sanamu jangwani: miguu miwili ya mawe bila mwili, uso uliovunjika na kuzama nusu mchangani, na chini yake maandishi ya mfalme akijipiga kifua kwa kazi zake. Kazi zenyewe hazipo. Ni mchanga mtupu, kila upande.

Sasa njoo pwani ya Kenya, zama zinazokaribiana na hizo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatunga Al-Inkishafi, na macho yake yako kwenye magofu ya Pate. Yale majumba ya matajiri yaliyokuwa na taa na sherehe, sasa popo wamefanya makao na buibui wametanda nyuzi zao. Hawa watu wawili hawakujuana. Mmoja ni kijana wa Kiingereza mwenye miaka ishirini na kitu, mwingine ni mwanachuoni wa Kiislamu wa visiwa vya Lamu, na wote wamesimama mbele ya mabaki ya ukubwa.

Lakini utamu uko katika tofauti. Shelley anamcheka mfalme. Alichukia watawala wa wakati wake, na ukisoma vizuri utaona mkwaju umeelekezwa kwa walio hai, Ramesses ni kisingizio. Sayyid Abdalla hamcheki yeyote. Anauita moyo wake mwenyewe, anauuliza mbona hauamki, mbona hauoni ilivyowafika waliokuwa na kila kitu. Mmoja anatoka kwenye magofu na hasira, mwingine anatoka na hofu ya kaburi lake. Insha yako ya muhula iko hapo, ichukue bure. Na uone kwamba huwezi kuiandika ukiwa umesoma muhtasari, kwa sababu kwenye muhtasari mashairi yote mawili yanasema kitu kimoja: dunia hupita.

Twende kwa riwaya. Charles Dickens unamjua kwa unene, nataka umjue kwa njaa. Mwaka wa 1824, akiwa na miaka 12, babake alifungwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea, London. Siku hizo ukishindwa kulipa deni unaweza kufungwa na familia inahamia gerezani nawe. Charles akapelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu, mshahara shilingi sita kwa wiki. Alikuwa mtu mzima mwenye jina kubwa na bado hadithi hiyo hakupenda kuigusa, ila aliipenyeza ndani ya David Copperfield.

Great Expectations haikuja duniani kama hilo tofali unaloliogopa. Ilitoka vipande 36, kimoja kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, katika jarida lake mwenyewe la All the Year Round. Jarida lilikuwa linapoteza wasomaji kwa sababu ya hadithi ya mwandishi mwingine iliyowachosha, Dickens akaamua kuingia mwenyewe uwanjani. Kwa hivyo ukiona sura inaisha mtu amesimama gizani na hujui ni nani, hiyo si ajali. Alikuwa anatafuta pesa ya wiki ijayo, kama tu yule jamaa wa TikTok anayekuacha njiani na "sehemu ya pili inakuja".

Na hadithi yenyewe? Pip ni yatima wa kijijini, analelewa na dada yake na shemeji yake Joe, mhunzi. Siku moja pesa zinaanza kutoka kwa mfadhili asiyejulikana. Pip anahamia London, anavaa vizuri, anajifunza kula na kuongea kama watu wa maana, anaingia kwenye madeni. Halafu Joe anakuja kumtembelea.

Joe unamjua. Ni yule mjomba wa ushago anayeteremka Machakos Country Bus na suti aliyonunuliwa kwa harusi ya mtu, anakuja hadi kwa nyumba yako ya kupanga, na wewe unaomba mwenzako wa chumba asiwepo. Joe anaingia, hajui aweke wapi kofia yake. Anaiweka pembeni juu ya meko, inaanguka. Anaidaka, anairudisha, inaanguka tena. Dickens anaizungusha kofia hiyo hadi unacheka, na ukiwa bado unacheka unagundua kwamba Joe, aliyembeba Pip mgongoni, sasa anamwita "bwana". Pip anakiri kwamba kama angeweza kulipa pesa ili Joe asije, angelipa. Joe naye si mjinga. Kabla aondoke anamweleza Pip kwa upole kwamba nguo hizi na mji huu si mahali pake, amtafute nyumbani akiwa na nyundo mkononi ndipo atamwona sawasawa. Baadaye sana, Pip akiwa mgonjwa na wadai mlangoni, nani anakuja kumuuguza na kulipa deni kimya kimya? Ni huyo huyo wa kofia.

Mwongozo utaiita sura hiyo "utabaka". Sawa, andika utabaka. Lakini kama umewahi kukata simu ya nyumbani kwa sababu uko na watu fulani, hiyo kofia itakukaa kooni siku nzima.

Austen nitampitia haraka kwa sababu ukimwanza mwenyewe atakushika bila msaada wangu. Pride and Prejudice ilitoka mwaka wa 1813, aliiuza kwa mchapishaji kwa pauni 110, na jina lake halikuwa kwenye jalada. Wengi wanaiita hadithi ya mapenzi. Mimi naiona ni hadithi ya hesabu: kila mwanamume anaingia akiwa na bei yake ya mwaka, Darcy pauni elfu kumi, Bingley elfu nne au tano. Mtazame Charlotte Lucas, ana miaka 27, anakubali kuolewa na Collins ambaye yeye mwenyewe anajua ni mwanamume wa kuchosha, kwa sababu anataka nyumba. Msichana wa Nairobi wa miaka 27 anayeulizwa kila Krismasi "utatuletea lini" amsome Charlotte kisha aniambie kama ni wa kulaumiwa. Mimi bado sijaamua. (Kwa wanaopenda hesabu za miaka: Austen alizaliwa 1775, na Muyaka wetu wa Mombasa yapata 1776. Rika moja.)

Hapa najua kuna mtu ananyoosha mkono. Buda, hizi si ni fasihi za mkoloni? Swali zuri, na lilishaulizwa na watu wazito. Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao ilikuwa kwamba haiwezekani mwanafunzi wa Nairobi aitazame dunia kutoka dirisha la London. Afrika iwe katikati, simulizi zetu ziwe katikati, na fasihi za wengine zisomwe kwa kutazama zinahusianaje na sisi. Tofauti hiyo ni kubwa. Walipigania kiti kihamishwe, hawakuagiza maktaba ichomwe. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa amemsoma Joseph Conrad kwa kina akiwa Makerere. Chinua Achebe aliipa riwaya yake ya kwanza jina kutoka kwa shairi la W. B. Yeats, na mwaka wa 1975 akasimama Marekani kumpiga Conrad huyo huyo kwa jinsi alivyowachora Waafrika katika Heart of Darkness. (Ambayo, kwa taarifa yako, ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1899 katika Blackwood's. Ndiyo, lile jarida la kumcheka Keats.)

Achebe aliweza kumpiga kwa sababu alikuwa amemsoma, ukurasa kwa ukurasa. Ukitaka kumkasirikia Mzungu wa karne ya 19, na sababu ziko tele, kasirika ukiwa na kitabu mkononi. Hasira ya kukopa kwenye muhtasari inajulikana. Mhadhiri anaisikia kutoka mlangoni.

Kuhusu pesa, usinidanganye. Vitabu vya hawa wote hakimiliki yake iliisha zamani. Project Gutenberg inavitoa bure na kihalali, tangu 1971 wako kwa hiyo kazi, na faili ya maandishi ya riwaya nzima hula bando kidogo kuliko video moja ya densi. Ukichoka kusoma, LibriVox wana sauti za watu wa kujitolea wakisoma vitabu hivyo, bure pia. Wengine wanasoma kama wanasinzia, badilisha tu. Ukitaka karatasi, wale wauzaji wa vitabu vya mitumba kando ya barabara za katikati ya jiji, wale wa kuinama uchague, wana Dickens na Austen kwa bei ya nauli ya kwenda na kurudi Rongai. Na Maktaba ya McMillan iko pale Banda Street tangu 1931, na simba zake mlangoni.

Usianze na riwaya. Anza na Ozymandias usiku wa leo, kwa sauti, mara tatu, itakuchukua dakika chache kuliko foleni ya kununua tokeni. Kesho Keats. Wiki ijayo fungua Great Expectations. Sura ziko 59, ukisoma mbili kila jioni utamaliza ndani ya mwezi, na bado utakuwa na kasi kuliko watu wa 1861 waliongoja miezi minane. Sura ya kofia ni ya 27. Usirukie huko.